Jina Utakaloliona Ukifika Mombo

Debora mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko Mlalo unamuaga bibi yako, utarudi kabla giza halijaingia, na mimi nimekaa hapa jikoni na daftari lako la zamani la hesabu, nimechana karatasi za katikati. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na maharage yanachemka. Mzima ni mzima kweli, ila hofu safari hii iko kwangu.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga mlango. Nikianza hayo utaniambia, "Mama, basi," kama unavyoniambia kila siku, na utakuwa na haki. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukufokea. Jana nilikufokea kwa ajili ya ndoo. Ndoo haikuwa na kosa, na wewe hukuwa na kosa.

Basi nalisema hapa juu kabisa, usije ukasoma kurasa zote unalitafuta. Lile deni lililokunyima mkopo ni la kwangu. Nilikopa mimi, kwa jina lako, kisha nikaacha kulipa. Zaina hahusiki hata kidogo.

Kama umesimama, kaa. Nitakueleza ilivyokuwa, siyo ili unionee huruma. Huruma nitaitafuta kanisani. Nakueleza kwa sababu jina ni lako na unatakiwa ujue lilipita wapi.

Unakumbuka mwaka ule tuliotangaziwa kwamba laini ambayo haijasajiliwa kwa alama za vidole itafungwa? Yule kijana wa kusajili alikuwa anakaa siku ya gulio pale chini, na mwavuli wake na kale kamashine. Nikapanga foleni tangu asubuhi. Nikaweka dole gumba, mashine ikakataa. Nikaweka la kushoto, ikakataa. Akanifuta kwa kitambaa, akanipaka mafuta ya mgando, akaniambia nivipulizie vidole pumzi kama mtoto anayepoza uji. Wapi! Akaniangalia viganja, akasema, "Mama, wewe vidole vyako havina alama. Unafanya kazi gani?" Nikamwambia naosha karoti. Miaka yote hiyo kusugua magunia ya karoti kwenye maji ya baridi na mchanga wa mtoni, sikujua kwamba naziosha na alama zangu humo humo. Watu nyuma yangu wakacheka. Nilicheka na mimi, ila iliniuma, kana kwamba nimeambiwa simo kwenye orodha ya watu.

Nilirudi mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu ulikuja na mimi. Namba yako ya kitambulisho cha taifa ilikuwa imetoka wiki ile ile, ukaikariri kama shairi. Kijana akasema, "Binti si anayo namba? Aweke yeye, tumalize." Mimi nikasita, ukanisukuma kwa bega ukasema, "Mama, weka tu jina langu. Kwani mimi na wewe si mmoja?" Ukaweka kidole, mashine ikalia mara moja tu, tukaenda kununua miwa.

Maneno hayo, mimi na wewe si mmoja, nimelala nayo wiki tano sasa.

Tangu siku ile nikawa Debora kwenye simu. Nikimlipa mtu wa mbolea, anauliza, "Debora ndiye nani?" Ulipokuwa chuoni ukijifunza cherehani nikakutumia hela ya matumizi, ulinipigia unacheka: "Mama, nimejitumia hela mwenyewe!" Tulicheka wote wawili. Ilikuwa utani wetu.

Halafu simu ikaanza kunisemesha. Siku moja ukaja ujumbe: umekidhi vigezo vya kukopa. Mwanangu, usinicheke. Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimekidhi vigezo vya kitu chochote. Nilikopa elfu tano ya kujaribu, nikarudisha kabla ya siku yake. Wakanipandishia, elfu kumi. Nikarudisha. Elfu ishirini, nikarudisha. Kila nikirudisha ujumbe unanishukuru na kiwango kinapanda, nami najiona mtu wa maana. Nilikuwa nausoma ujumbe ule mara mbili mbili.

Nieleze kwanza kwa nini sikuogopa, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipolala. Deni nililolijua mimi lina miguu. Ulikuwa mdogo, sijui kama unakumbuka, nilipokuwa kwenye kile kikundi cha kina mama cha marejesho ya kila wiki. Nilichelewa wiki mbili. Wakaja wanawake sita hapa uwanjani, wenzangu kabisa, mmoja tunaimba naye kwaya, wakachukua sufuria kubwa na meza ya baba yako. Hawakunitukana. Mwenyekiti alisema, "Felista, usitulaumu, tulikudhamini, tusipochukua kwako watachukua kwetu." Ulishika mguu wa ile meza ukilia. Nililipa deni lile nikiwa nimekonda. Kwangu mimi deni likawa ni hivyo: watu wanaokuja, unawaona nyuso, unaona haya, unalipa.

Deni la simu halikuwa na uso. Nikadhani ni dogo.

Ule msimu nilikopa elfu themanini ya mbegu na dawa. Baba yako alikuwa ameshatutoka, ada yako ya chuo ya mwaka ule ilikuwa imebaki awamu moja, nikasema karoti zitalipa zote. Karoti zilikubali, tatizo zilikubali kwa kila mtu, mlima mzima. Wanunuzi wakaja na malori yao wakataka lumbesa, gunia lishonewe kilemba juu mpaka lizidi nusu yake, na bei ya kutupa. Nilimwambia dalali, "Hata mbolea hairudi hapo!" Akaniambia, "Basi mama, mlishe ng'ombe." Ng'ombe walikula karoti mwaka ule mpaka wakazichoka. Kilichopatikana nilipeleka chuoni kwako. Siku ya kulipa ikapita.

Mwanzo waliniita mpendwa mteja. Baadaye wakanipigia, nikawa sipokei. Mwisho ukaja ujumbe mkali, na juu yake kumeandikwa jina: Ndugu Debora Danieli. Nililiona, mwanangu. Siwezi kukudanganya kwamba sikuona. Nilisimama kule bondeni na jembe mkononi nikalisoma jina lako limekaa pale ambapo langu lingetakiwa kukaa. Ningeweza kukupigia siku ile ile. Elfu themanini ungenifokea, tungeuza kuku, tungemaliza. Badala yake nilitoa laini kwenye simu, nikaivunja kwa meno, nikaitupa chooni. Nikarudi kupalilia nikiwa mwepesi kabisa. Nilidhani deni limezama na laini yake.

Ulipokuja likizo nikakwambia simu iliniangukia mtoni. Ukasema, "Si tuirudishe laini ile ile?" Nikakwambia sitaki, mtandao ule haushiki huku bondeni, nataka mwingine. Tukaenda tena kwa yule kijana, na vidole vyangu vikakataa tena, na wewe ukaweka cha kwako tena. Mara ya pili, Debora. Nilikuwa nimesimama pembeni yako nakuangalia.

Miaka ikapita. Ukamaliza chuo, ukakaa pale Lushoto ukimshonea mtu sare za shule kwa malipo ya kila nguo, unaweka akiba, unatembea kwa miguu kupandisha huku ili usitoe hela ya bodaboda. Ukapata fremu ya duka Muheza, karibu na soko, mlango wa bluu, ulivyoniambia. Ukanichorea hata kwenye vumbi: hapa cherehani ya umeme, hapa overloki ya kushonea kingo, hapa kioo cha wateja. Ulikuwa na nusu ya hela, nusu ukaenda kuomba kwenye ile taasisi ya mikopo. Ulivaa gauni la pasaka.

Ulirudi umelowa. Hukuingia ndani, ulikaa kwenye lile jiwe la kunolea. Ukasema, "Mama, wameangalia taarifa zangu. Wanasema jina langu lina mkopo haujalipwa miaka. Mimi sijawahi kukopa hata shilingi." Nilikuwa namenya maharage. Ukafikiri, ukafikiri, ukasema, "Ni Zaina. Alikaa na kitambulisho changu wiki nzima nilipokisahau kibandani kwake. Na kazi yake ni hiyo hiyo ya miamala. Hakuna mwingine."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilitakiwa kusema neno moja. Nilisema, "Watu wa siku hizi, mwanangu."

Mimi mama yako nilisema hivyo, na nikaendelea kumenya.

Deni lile nimeshalijutia, lakini deni ni njaa na ujinga. Maneno yale matano hayakuwa njaa wala ujinga. Kesho yake ukaenda kibandani kwa Zaina ukamwita mwizi mbele ya wateja, na wakala wa pesa akishaitwa mwizi kazi yake imekwisha. Nani atakubali kubonyeza namba yake ya siri mbele ya macho yake? Zaina mliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Sikukuu ya Idi alikuwa analeta pilau hapa, na Krismasi ulikuwa unapeleka mikate kwao. Jumapili iliyofuata nikakutana naye njiani. "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba, nikapita haraka, nikajifanya nawahi ibada. Ibada yenyewe ilikuwa imeshaisha.

Wiki ya tatu nikashindwa. Nilikuwa sili. Wewe ulidhani ni malaria, ukanipikia uji, na uji ule ulinishinda kumeza kuliko dawa. Siku uliyokwenda Soni kununua vitambaa, nikavaa vizuri nikateremka mpaka kwenye ile taasisi. Nilimkuta yule afisa mikopo uliyenisimulia, kijana mpole. Akanisalimia, akanipa kiti. Nikamwambia nataka kuona deni la Debora Danieli, mimi ni mama yake, ni mimi niliyekopa.

Akasema, "Mama, pole. Lakini taarifa ile ni ya mwenye jina. Hata kama umemzaa, siwezi kukusomea."

Nilikasirika! Nikamwambia mbona nyinyi mmeisoma. Akasema waliisoma kwa sababu wewe mwenyewe uliweka saini kuwaruhusu ulipojaza fomu. Hasira ikaniisha. Nilifurahi hata, kwamba kuna mtu anakulinda na mimi.

Nikamwambia laini yenyewe nilishaitupa. Akacheka kidogo, siyo kwa dharau. "Deni halikai kwenye laini, mama. Linakaa kwa mwenye namba ya kitambulisho. Ungeitupa hata baharini." Akanieleza kwamba wakopeshaji wote, wakubwa na hawa wa kwenye simu, wanapeleka habari mahali pamoja: nani alikopa, alitakiwa kulipa lini, alilipa lini. Ukienda kuomba popote, hapo ndipo wanapochungulia kwanza. Nikamuuliza, "Kwa hiyo wanaandika mabaya tu?" Akasema hapana, na mazuri yanaandikwa. Anayelipa kwa siku yake anaandikwa hivyo. Na asiyewahi kukopa kabisa hana habari yoyote kule, naye wanamwogopa kidogo kwa kuwa hawamjui. Hilo lilinishangaza. Mimi nilidhani mtu safi ni yule ambaye hajawahi kudaiwa.

Nikamuuliza nikilipa sasa litafutika? Akasema litaandikwa kwamba limelipwa, lakini kuchelewa kwake kutabaki pale kwa miaka kadhaa, na kila atakayechungulia atakuona ulivyochelewa. Kadiri siku zinavyokwenda na mambo mazuri yanavyoandikwa juu yake, ndivyo lile la zamani linavyopungua uzito. Nikalia pale ofisini. Mtu mzima mzima, mbele ya watu wa foleni. Akanipa karatasi laini ya kujifutia, na akaniambia, "Mama, wengi wenye deni kama hili hawaji kuuliza. Wewe umekuja."

Yule mtamba wetu sikumuuza kwa ajili ya bati kama nilivyokwambia, Debora. Bati utaona bado linavuja. Nilimuuza kwa deni. Elfu themanini ilikuwa imeota faini na riba mpaka imepita laki mbili. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikasubiri na muziki wao, wakanipa namba ya kulipia. Mawakala wako kumi pale stendi. Nikaenda kwa Zaina.

Sikujua nitasemaje. Alisimama, "Shikamoo mama." Sikuitika. Nilimwambia, "Usiniamkie kwanza. Nimekuja kulipa deni ambalo Debora alikuita mwizi kwa ajili yake. Ni la kwangu." Nikaweka hela dirishani. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari, ningefarijika. Akazihesabu hela, akaandika namba, akaisoma mara mbili asikosee, akalipa. Akanikatia risiti na ujumbe akanionyesha. Kisha akasema, "Mama, mimi sitamwambia. Kamwambie mwenyewe." Nikasema nitamwambia leo. Hiyo ni siku kumi na nne zilizopita. Kila siku anajua kwamba sijakwambia, na kila siku ananyamaza. Mwenzako ni huyo.

Sasa fremu ya mlango wa bluu imeshachukuliwa na mtu wa viatu. Kesho unakwenda Muheza kushona kwenye duka la mama wa watu, kwa malipo ya kila nguo tena, na cherehani yako ya mguu. Ulitakiwa uende na funguo zako. Nikikuona unakunja vitenge vile unaimba, roho inanitoka.

Nilichojifunza nakuandikia, nimekinunua kwa bei ya ng'ombe, usikiache hapa. Risiti ya malipo iko ndani ya bahasha hii, itunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Baada ya kama mwezi mmoja hivi nenda mwenyewe ukaombe taarifa yako ya mikopo. Ni haki yako kuiona, usiombe kama unaomba chumvi. Ukikuta bado wanaandika hujalipa, toa risiti, andika malalamiko, wanalazimika kurekebisha. Usikasirike halafu ukaondoka, maana wewe umenirithi hapo. Ukikasirika, kaa kwenye kiti hivyo hivyo na hasira zako.

Na usiende kuomba sehemu tatu kwa mkupuo ukidhani mmoja atakubali. Yule kijana alisema kila anayechungulia anaacha alama, na mtu aliyechunguliwa na wengi kwa wiki moja anaonekana anazama. Ila ninachokiogopa zaidi, hata usiku kinaniamsha, ni hawa wakopeshaji wa mtaani wa kausha damu. Wao hawachungulii kitu. Watakuona una huzuni, watakuambia dada, sisi hatuna maswali. Debora, asiye na maswali ndiye atakayekuja na mkokoteni kuchukua cherehani. Mimi nimeona meza ikiondoka, na wewe uliishika mguu.

Baadaye, ukishatulia, kopa kitu kidogo unachokimudu hata bila mkopo. Mtaji wa vifungo na zipu. Kilipe siku mbili kabla ya siku yake, kisha kingine. Siyo kwa shida, bali ili huko wanakochungulia wamkute na Debora mwingine, yule ninayemjua mimi. Nikwambie kitu: zile elfu tano na elfu kumi nilizolipa vizuri, nazo ziko kwenye jina lako. Nimelichafua, lakini si kila nilichoandika humo ni kibaya. Najishikilia hapo.

Na kidole chako usimpe mtu tena. Hata akikuambia mimi na wewe ni mmoja. Hata akiwa ni mama yako. Mtu anayekupenda anaweza kukuharibia bila kukuchukia hata kidogo, na hilo ndilo sikulijua nikiwa na umri wako.

Ile laini ya pili iko kwenye bahasha pia. Ni ya jina lako, sikuitupa. Zaina alinionyesha kwamba simu inaweza kukuorodheshea laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ziangalie, usiyoitumia kaifute ofisini kwao.

Mimi nitatumia ipi? Ngoja nikusimulie, labda utacheka. Jumanne nilikwenda tena kusajili. Sasa hivi yupo binti, yule kijana alishahama. Gumba, likakataa. Kidole cha shahada, kikakataa. Nikamwambia binti, leo sitoki hapa, tuvipitishe vyote kumi. Foleni ikanuna nyuma yangu, mzee mmoja akasema huyu mama anapiga kinanda? Tukafika kidole cha mwisho kabisa, kile kidogo cha mkono wa kushoto. Kumbe kile hakishiki gunia wala hakisugui karoti. Miaka yote kilikuwa kimejikalia pembeni tu. Nikakiweka, mashine ikalia. Nilimwomba binti anirudie kusoma jina lililotokea, akanisomea majina yangu yote matatu, kwa sauti.

Maharage yameiva. Nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Ukiisoma mimi nitakuwa bandani nakamua, usinifuate huko mpaka mwenyewe uone unaweza. Usiponifuata pia nitaelewa, nitakuachia chakula kimefunikwa. Kesho alfajiri nilipanga nikubebee cherehani mpaka barabarani. Kama hutaki kuniona, mwite wa bodaboda, sitatoka nje. Sikuombi unisamehe kabla ya gari, si jambo la kuwahisha. Ninaloomba ni moja tu: Zaina anafungua kibanda mapema kabla Coaster ya kwanza haijateremka Mombo. Pita kwake. Mimi nimeshafika pale, nimekutangulia, haumi.

Ukifika Mombo, wakati unasubiri basi la Muheza, nitakutumia elfu mbili ya chai. Najua unayo hela ya chai. Nitakutumia hivyo hivyo. Usinipigie, usinijibu kama moyo bado mzito. Fungua tu ujumbe usome jina la aliyetuma. Safari hii hujajitumia mwenyewe.

Ni mimi,
Felista Zakaria Shemhilu